TAHADHARI: Boksi za TV za "lipa mara moja, tazama bure maisha"

Wakuu, kabla hujatuma hela kwa muuzaji wa boksi la Android linalonadiwa kuwa lina chaneli zote, mpira wote na filamu zote bila kulipia hata mwezi mmoja, soma hapa kwanza. Sisemi kwamba mzigo hautafika. Huenda ukafika, ukawaka na hizo filamu ukaziona. Ndiyo maana onyo la aina hii hupuuzwa: mtu anaitazama TV yake inacheza vizuri, anakuuliza tatizo liko wapi.

Tatizo liko kwenye laini yako ya intaneti. Januari 2023 mtaalamu mmoja wa usalama wa mifumo kutoka Canada, Daniel Milisic, alianika alichokikuta ndani ya boksi la T95 alilonunua Amazon. Lilikuwa jipya, halijapita mkononi mwa mtu, lakini programu hasidi ilishapandwa ndani ya mfumo wenyewe. Likiunganishwa tu na intaneti linaanza kuwasiliana na seva za mbali kusubiri maagizo. Njia ya ADB, ambayo mafundi huitumia kuingia ndani ya kifaa na kukiamuru, nayo iliachwa wazi.

Wanaopanda vitu hivi hawana haja na ratiba yako ya tamthilia. Wanachotaka ni anwani yako ya IP, yaani namba inayoitambulisha laini yako kwenye intaneti, ya nyumba ya kawaida isiyotiliwa shaka. Wanapitisha shughuli zao humo: kubofya matangazo kwa ulaghai, kufungua akaunti bandia, kujaribu nywila walizoiba kwingine. Upande wa pili wakifuatilia, nyayo zinaishia kwako. Wewe unachokiona ni bando linakwisha upesi, intaneti nzito usiku, na tovuti zinazokutaka kila mara uthibitishe kuwa wewe si roboti.

Na si boksi moja lililoharibika. Desemba 2024 mamlaka ya usalama wa mitandao ya Ujerumani, BSI, ilikata mawasiliano ya vifaa vipatavyo 30,000 nchini humo vilivyokuwa na programu hasidi iitwayo BADBOX, zikiwemo boksi za kuchezea video. Juni 2025 FBI ya Marekani ikatoa onyo kuhusu BADBOX 2.0. Mwezi uliofuata Google ikafungua kesi mahakamani New York dhidi ya waendeshaji wake, ikisema vifaa vilivyotekwa vinazidi milioni 10. Vyote ni vya Android ya bure isiyopitishwa na Google.

Hapo ndipo pa kushika. Kuna Android TV au Google TV, ambayo Google imeikagua na kuiidhinisha kwa kila aina ya kifaa, na kuna Android ya chanzo huria ambayo kiwanda chochote kinaichukua na kuibandika kwenye boksi bila kumwomba mtu ruhusa. Kwa nje zinafanana. Ukiiwasha, ile isiyoidhinishwa mara nyingi ina sura ya tableti iliyokuzwa: ikoni zimejipanga kama kwenye simu, na rimoti ina kitufe cha kuigeuza mausi. Orodha ya kampuni zilizoidhinishwa iko kwenye tovuti ya Android TV, kwa hiyo jina la kampuni ya boksi unaweza kulitafuta ukiwa bado hujalipa. Jina lisipokuwepo, kwangu mimi mazungumzo yameisha.

Nembo ya Netflix kwenye katoni isikuteke. Kuchapa nembo hakuhitaji kibali cha mtu. Boksi ambalo Netflix haijalipitisha huwa linapewa toleo la simu, na kwa kuwa Widevine yake, yaani ulinzi wa kuzuia filamu kunakiliwa, ni ya ngazi ya chini kabisa, L3, picha haifiki hata HD. Yaani umenunua "8K" na unatazama 480p. Hizo 6K na 8K za kwenye katoni zenyewe ni mapambo: chipu za boksi hizi za bei ndogo hazitoi zaidi ya 4K kwenye HDMI, na nyingi zinachora menyu kwa 1080p kisha zinaikuza.

Uongo wa namba umekomaa kiasi kwamba hata kwenye mipangilio huwezi kuuamini. Kiwanda kinahariri mfumo ili uandike Android 13 wakati ndani ni toleo la zamani mno, au uandike GB 64 wakati hifadhi halisi ni robo ya hapo. Kipimo kisichodanganyika ni kunakili mafaili makubwa hadi lijae, kisha uyafungue moja moja. Mafaili yakianza kugoma, umeshajua.

Sasa huyo muuzaji. Wengine nawatetea, maana wanaagiza jumla na hawajui kilichomo. Ila kuna maneno ambayo mwenye nia njema hayasemi. Akikuelekeza uzime Play Protect, kinga ya Google dhidi ya programu hasidi, ndipo programu zake ziingie, ondoka. Akisema programu zinashushwa kutoka "soko" lake na si Play Store, ondoka pia. FBI wanaeleza kwamba vifaa vingine vinafika safi na kuambukizwa wakati wa kuviandaa, pale mnunuzi anapolazimishwa kushusha programu fulani. Akitaka mlipane nje ya duka la mtandaoni ili akupunguzie, anachopunguza ni uwezo wako wa kudai hela irudi. Soma na maoni ya wanunuzi hadi ya chini kabisa. Nimeona tangazo la boksi lenye nyota tele, kushuka chini maoni yanasifia kava la simu. Ukurasa wa bidhaa ya zamani umevishwa bidhaa mpya, nyota zikabaki.

Bei ndogo peke yake si kosa. Zipo stiki za bei nafuu za Google TV, Roku na Fire TV zinazofanya kazi yake vizuri, na stiki ya 1080p iliyoidhinishwa naichukua saa yoyote kabla ya boksi la "8K" lisilo na mwenyewe. Ila hata huko kuna wezi wengine: mnunuzi wa Roku anatafuta jinsi ya kuiwasha, anaangukia tovuti ya kuigiza au namba ya "huduma kwa wateja", anaambiwa alipie uanzishaji. Roku haitozi kitu kwa kuanzisha kifaa.

Kama boksi la mashaka unalo tayari, kulirudisha kwenye hali ya kiwandani hakutakusaidia, maana kilichopandwa kimo kwenye hiyo hali ya kiwandani. Lichomoe. Muda wa kurudisha bidhaa kama haujapita, lirudishe, na sababu andika wazi kuwa kifaa hakijaidhinishwa. Akaunti ya Google uliyoingiza humo ibadilishie nenosiri ukitumia simu, si boksi lenyewe, kisha kwenye orodha ya vifaa liondoe. Anayeng'ang'ania kulitumia basi angalau aliweke kwenye Wi-Fi ya wageni, mbali na simu na kompyuta za nyumbani, na asiingize humo akaunti yenye barua pepe ya benki. Hiyo inawakinga wengine wa nyumbani. Laini yako itaendelea kutumika vilevile.