TAHADHARI: Anakujaribishia mausi orijino, anakufungashia feki

Wadau, yule muuza vifaa vya kompyuta wa Kariakoo, wa kule ghorofani, bado anaendelea. Waliopigwa wananyamaza kwa aibu, naye ananeemeka.

Ukiulizia Logitech M185 ya wayalesi, anatoa moja iliyokwisha kufunguliwa, anachomeka kile kidude cha USB kwenye laptop ya kaunta, anakupa uishike mwenyewe. Kishale kinateleza, gurudumu linatii. Hiyo ni orijino kweli. Ukishalipa anakwambia, "Bosi, hii ya kujaribia tu, ngoja nikupe mpya." Anainama, anaibuka na boksi lenye nailoni yake, stika inang'aa. Nani asingeamini? Umeshika, umejaribu, na bei haikuwa ya chini kiasi cha kukushtua. Anajua fika kwamba mtu hachani nailoni ya kitu kipya dukani.

Ukifika nyumbani kishale kinaruka, ukibofya mara moja inahesabu mbili, ukishusha ukurasa unapanda. Ukimrudia anasingizia kompyuta yako. Kichaka chake ni hiki: mausi hizi zinatumia masafa ya 2.4 GHz, na tundu la USB 3.0, mara nyingi la bluu, huweza kuyavuruga. Sawa, hamishia kidude kwenye USB 2.0, weka betri mpya ya AA. Kama bado ni vilevile, usibishane naye. Fungua Device Manager ya Windows, nenda Mice, bofya mara mbili jina la mausi, ingia Details, chagua Hardware Ids. Kidude cha Logitech kinasoma VID_046D (VID ni namba ya utambulisho ya mtengenezaji). Ukikuta VID nyingine, hiyo si Logitech, hata boksi liandikwe nini.

Dukani: jaribu ileile utakayoondoka nayo. Linganisha S/N (namba ya pekee ya kila kifaa) za mausi mbili, zikifanana basi angalau moja ni feki. Na huyu risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, hatoi, anakuchorea kikaratasi.

Mtu wa namna hii anyang'anywe leseni! Mzigo wote uteketezwe, na fedha za watu zirudi. Mwanafunzi anajinyima apate mausi ya kufanyia kazi, halafu anauziwa takataka kwa makusudi? Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayoshughulika na bidhaa bandia. Mwenye boksi, kikaratasi au muamala wa simu asitupe, aje inbox tupeleke malalamiko kwa pamoja.