Viti vya Volkswagen yangu: mshono safi, kazi ya hatari

Anayetafuta mahali pa kushonesha viti vya gari la zamani hapa Mombasa ataelekezwa, kama nilivyoelekezwa mimi, kwenye karakana ambayo sitaitaja jina, na atasifiwa mshono wao mpaka achoke kusikiliza. Sifa hizo ni za kweli, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu wangekuwa wazembe tangu mlangoni ningeondoka na viti vyangu siku ile ile.

Nianze na haki yao. Gari ni Volkswagen Beetle ya mwaka 1969, nililolinunua kwa fedha zangu na kulifufua kidogo kidogo, na viti vyake vilikuwa vimepasuka kiasi kwamba abiria alitoka na vumbi la kahawia kwenye nguo. Niliomba ngozi bandia nyeusi yenye alama za msuko, inayokaribia ile ya kiwandani. Kijana wa cherehani aliianika kwanza juani ili ilainike, akaivuta juu ya fremu ikiwa bado na joto, na mistari ya mshono wa kikalio ikaenda kukutana sawasawa na ile ya mgongo wa kiti bila kupinda hata kidogo. Pembeni alipitisha ukingo mwembamba ambao sijauona ukifanywa vizuri namna ile kwa muda mrefu. Viti vya mbele nimevipenda na ninavipenda hadi leo.

Sasa nije kwenye kiti cha nyuma.

Kwa asiyelifahamu gari hili, injini iko nyuma lakini betri iko ndani, chini ya kiti cha abiria wa nyuma. Kiti hicho ni fremu ya chuma iliyojaa springi za chuma, na fremu inagusana na bodi ya gari, ambayo nayo imeunganishwa na upande hasi wa betri. Springi moja tu ikishuka na kugusa kichwa chanya cha betri, umeme wote unapita hapo, chuma kinapata moto, na kilicho juu yake kinaanza kuungua. Ndiyo maana betri ina kifuniko chake. Mafundi wa Volkswagen wote wanalijua jambo hili, na mtu anayejitangaza kuwa bingwa wa viti vya magari ya zamani hana udhuru wa kutolijua.

Karakana ile ilikitoa kiti, ikatoa na kifuniko, kisha ikarudisha kiti peke yake. Zaidi ya hayo, bila kuniuliza, walitupa lile tabaka lililokuwa kati ya springi na ngozi, ambalo kiwandani lilitengenezwa kwa usumba ulioshikamanishwa kwa mpira. Ni usumba wa makumbi ya nazi, huu huu tuliokua nao sisi watu wa pwani, uliosafirishwa hadi Ujerumani na kurudi ndani ya gari, na watu wa Mombasa ndio walioupeleka jalalani! Badala yake waliweka sponji laini, nyembamba. Sisemi kwamba usumba hauungui, maana unaungua vizuri sana. Lakini ulikuwa mgumu na uliusambaza uzito wa mtu juu ya springi nyingi, ilhali sponji ile inamwacha abiria azame mahali pamoja.

Aliyezama ni shangazi yangu, mwanamke mwenye mwili wake, tulipokuwa tukielekea Nyali kwenye shughuli ya harusi. Tulipita tuta moja, halafu jingine, naye akasema kiti kina joto. Nilidhani analalamikia jua. Kisha harufu ya mpira unaoungua ikajaa ndani, moshi ukaanza kutoka chini ya miguu yake, nami nikasimamisha gari pembeni ya barabara, nikamtoa shangazi na mtandio wake, nikainua kiti na kuung'oa waya wa betri. Ngozi mpya ilikuwa imetoboka kwa chini, na springi mbili zilikuwa zimebadilika rangi. Shangazi alimaliza safari kwa tuktuk na hajapanda tena gari langu.

Hata hapo bado nilikuwa tayari kuwasamehe. Kazi ya mikono ina makosa yake, na kilichohitajika kilikuwa ni kifuniko, springi mbili na neno la pole. Nilirudi siku iliyofuata nikiwa nimejiandaa kuzungumza kwa upole, nikamkuta mwenye karakana amekaa, na hakuinuka. Nilimweleza kilichotokea. Alinisikiliza nusu nusu, akaniambia, "Mama, mambo ya waya ni ya fundi wa umeme. Mlete mzee wa nyumbani tuzungumze naye, wanaume tutaelewana." Nilimwambia gari ni langu, kadi ina jina langu na risiti yake ina jina langu. Akacheka, akasema mkweche wa miaka hiyo lazima utoe moshi, hata usiposhonwa. Nilimkumbusha kwamba gari la aina hiyo ndilo lililoshinda Safari Rally ya mwaka 1962, jambo ambalo halikuhusiana kabisa na betri yangu, lakini nilikuwa nimeshakasirika.

Aliyenitetea ni yule kijana wa cherehani. Aliinama chini ya meza ya kukatia, akatoa kifuniko cha betri yangu kikiwa kimejaa zile pete ndogo za chuma za kubania ngozi kwenye fremu. Walikuwa wamekigeuza bakuli la kazi! Kijana alizimwaga pete mezani, akakifuta kwa shati lake, akanikabidhi kwa mikono miwili na kusema, "Nisamehe, mama." Bosi wake alimkaripia mbele yangu kwa kunipa "vitu vya karakana", kisha akanipa ofa: wangeshona upya sehemu iliyoungua kwa nusu ya bei. Nusu ya bei, kwa moto waliouwasha wao.

Nilichukua kifuniko na kuondoka. Usumba nimeagiza kwa mtu mwingine anayetengeneza magodoro, na kiti cha nyuma kitashonwa naye, ingawa najua mshono wake hautafikia ule wa mbele, na kila nitakapofungua mlango nitaona tofauti. Hilo nalo linaniuma.

Nilipoanza kuandika maneno haya nilikusudia kuwapa alama sita kati ya kumi, kwa kuwa kazi ya mbele ni nzuri kweli na mtu mwenye gari ambalo betri yake iko mbele huenda asipate tatizo lolote kwao. Nikapunguza hadi tano nilipofika kwa shangazi. Sasa nimekumbuka tena kile kicheko, na ninawapa tatu, zote tatu za kijana wa cherehani. Akifungua karakana yake mwenyewe, nitampelekea na milango.