Spreyi ya Kusafisha Swichi za Miksa ya Sauti: Ipi Ununue, Ipi Uiache Dukani

Kabla ya kutoa hela, hakikisha ugonjwa wenyewe unatibika kwa spreyi. Chaneli ikikwaruza unapozungusha kifundo cha sauti, au ikipotea na kurudi unapobonyeza swichi, kontakti (vipande vya chuma vinavyogusana kupitisha umeme) zimechafuka, nunua. Ikikatika unapotikisa jeki, mara nyingi ni risasi ya kulehemu iliyopasuka kwenye bodi chini ya tundu la jeki hiyo, na hapo kinachotakiwa ni kulehemu upya. Kifundo kinachokwaruza hata baada ya kusafishwa mara mbili kinaweza kuwa kinapitiwa na umeme wa DC (wa mwelekeo mmoja) kutoka kwenye kapasita (kidude cha kuhifadhi umeme) inayovuja, na kopo zima halitakisaidia.

Chaneli iliyofifia ina kipimo chake. Chukua jeki ya stereo ya robo inchi, unganisha ncha na pete (chuma kinachofuata nyuma ya ncha) kwa kipande cha waya, uichomeke kwenye tundu la insati, lile la kuunganishia kifaa cha nje katikati ya chaneli. Sauti ikirudi, basi kontakti za ndani ya tundu lile, zinazopitisha sauti pasipo na jeki, ndizo zilizochafuka.

Nafasi ya kwanza tunaipa DeoxIT D5. Ni ghali, lakini inafanya kazi mbili: inayeyusha uchafu na kuacha utando mwembamba wa kulinda chuma. Swichi inahitaji vyote viwili. Kontakti nyingi zimepakwa madini ya fedha, nayo fedha hugeuka nyeusi polepole, na ukanda wa pwani wenye hewa ya chumvi hauisaidii hata kidogo.

Miksa yenye slaida nyingi (vidude vya sauti vya kusukuma juu na chini) inadai kopo la pili: DeoxIT F5. Slaida ina grisi yake ya kiwandani. Ukiipiga D5 au spiriti, grisi inaondoka. Slaida itakwenda kwa ulaini wa ajabu siku mbili tatu, kisha itaanza kukwama. F5 imetengenezwa kurudisha ulainisho huo.

Ukizikosa zote mbili, Servisol Super 10 ya Uingereza inafaa kwa swichi na vifundo, maana nayo ina mafuta ya kulainisha.

Ya nne ni spiriti ya isopropili ya asilimia 99. Ndiyo rahisi kuliko zote, na kwa kufuta bodi iliyomwagikiwa soda, au vitufe vya mpira vya paneli za kidijitali, haina mpinzani: chovya kijiti cha pamba, kipitishe taratibu juu ya ile karboni nyeusi inayopitisha umeme bila kuibandua, acha ikauke. Ila haiachi ulainisho wowote. Usidanganyike na ile ya asilimia 70 ya kusafishia vidonda. Sehemu kubwa ya inayobaki ni maji.

Spreyi kavu (isiyoacha mafuta) kama CRC QD tumeiweka ya mwisho. Haina ubaya, lakini kwa swichi inafanya kile kile spiriti inachofanya, kwa bei ya juu zaidi.

WD-40 ya kawaida iache kwa bawaba za mlango. Mafuta yake yanabaki ndani ya swichi na kunasa vumbi, na baada ya miezi kadhaa kazi ni kubwa kuliko mwanzo. (WD-40 Specialist Contact Cleaner ni kopo jingine kabisa, soma lebo.) Petroli na thina huharibu plastiki.

Kutumia: chomoa umeme na usubiri dakika kadhaa. Usiguse upande wa pawa saplai, kwani kwenye umeme wa volti 230 kapasita kubwa ya saplai ya kisasa huweza kubaki na zaidi ya volti 300. Elekeza mrija kwenye upenyo ulio juu ya miguu ya kifundo, au pembeni mwa kidude cha swichi. Piga nusu sekunde tu. Zungusha au bonyeza mara 20 hadi 30. Subiri nusu saa kabla ya kuwasha; spreyi nyingi kati ya hizi zinashika moto.

Kisha, kabla ya kurudisha umeme, pima swichi kwa multimita (kipimo cha umeme) ikiwa kwenye hali ya kupitisha umeme: chini ya omu 1, imepona. Namba ikirukaruka, nunua swichi mpya, na uende dukani na ile mbovu mkononi, kwa sababu swichi mbili zenye miguu sita zinaweza kufanana sura huku moja inabaki chini ukiibonyeza na nyingine inarudi juu.