Duka la baiskeli za mtumba Darajani: fundi anayetazama kiatu chako

Mimi ni mfupi na nakaa Mji Mkongwe, kwa hiyo baiskeli yangu lazima ikate kona za vichochoro bila kugusa mguu. Zile za mbio zenye ringi kubwa ya saizi 700 na fremu ndogo zinapendeza, lakini gurudumu la mbele linakaa karibu mno na pedali. Kwenye mwendo huoni tatizo, maana usukani haupindwi sana. Balaa ni unapokwenda polepole ukimpisha hamali na gari lake: unapinda, ncha ya kiatu inagonga tairi, unaanguka.

Fundi wa duka hili ana subira ya kweli. Alinishikia baiskeli, nikapanda, akalaza pedali sawasawa, moja mbele moja nyuma, kisha akageuza usukani huku na huku. "Tazama kiatu, bibie, rangi baadaye." Ya kwanza iligusa. Ya pili, yenye ringi ndogo zaidi ya inchi 26 na mikono mifupi ya pedali ya milimita 165, ilibakisha nafasi ya vidole viwili, tena madigadi ikiwa imeshafungwa! Hilo ndilo wengi hulisahau: wanapima bila madigadi, wakiifunga inakula nafasi yote.

Breki ya nyuma ilikuwa imelegea, akaikaza hapo hapo. Bei hapunguzi sana, na pampu hauzi. Nenda asubuhi kabla hapajajaa, na uvae viatu utakavyoendeshea, si ndara.