Biriani tamu, ila hapa wanakupima kwa viatu (Sinza, Dar)

Kwanza niwape haki yao, biriani yao ya Ijumaa ni ya ukweli. Mchele unaachana, nyama imeiva mpaka inachia mfupa yenyewe, kachumbari hawabanii. Sahani elfu nane. Juisi ya ukwaju pia wanaipatia.

Shida ni huduma, yani wahudumu wanakusoma kabla hujakaa. Ukishuka kwenye gari ni "karibu bosi, ndani kuna AC", ukija kwa mguu na tisheti ina vumbi unaonyeshwa benchi la nje karibu na jiko bila hata kuulizwa. Ijumaa iliyopita kaingia kijana wa bodaboda helmeti mkononi, mhudumu anamuuliza "umefuata oda ya nani?" Jamaa akasema nimekuja kula. Akaambiwa alipie kwanza. Mimi meza ya jirani nishamaliza kula nashushia na juisi na hakuna aliyeniuliza hela, wala hawanijui, sema nimetoka ofisini na kitambulisho shingoni. Jamaa katoa elfu kumi, mhudumu kaiinua kwenye taa akaikagua, chenji akaja kuitupia mezani wakati kijana wa watu keshanyoosha mkono. Nilijisikia vibaya mimi.

Nikamwita msimamizi nimuulize huo utaratibu wa kulipa kwanza unamhusu nani, ananijibu kwa sauti ya chini "dada, wengine wanakula wanakimbia". Wengine gani sasa? Mwenye gari si ndo anakimbia vizuri zaidi? Na oda zao za mchana wanazibeba haohao bodaboda!

Katiba yetu ya 1977 ibara ya 12 inasema kila mtu anastahili heshima ya kutambuliwa na kuthaminiwa utu wake, haijasema mpaka aangaliwe kwanza kaja na nini. Mama lishe wa mtaa wa nyuma hana AC wala menyu, ila fundi, konda na mtu wa benki wanabanana benchi moja, wananawa ndoo moja, wote wanalipa wakishashiba, asiye na hela anaandikwa kwenye daftari maisha yanaendelea.

Chakula nyota nne, huduma moja. Mwenye mgahawa kama unasoma hapa, bandika karatasi ukutani tulipie wote kwanza au wote mwisho, na lile benchi la jikoni liwekee hata feni. Kwa mnaokwenda, wahini, saa nane biriani imeisha.