Vitara 1.4 turbo ya volti 48 kwenye foleni za Dar, uzoefu wangu

Nijibu kwanza swali ninaloulizwa kila nikipaki kijiweni: hapana, haitembei kwa umeme, hata mita moja. Watu wakisikia haibridi (gari inayotumia petroli na umeme) akili inakimbilia kwenye Toyota Aqua na Prius, zile zinazonyata kimya kwenye foleni, afu wanashangaa hii Suzuki Vitara yangu inanguruma kama gari nyingine yoyote. Hii ni haibridi ndogo, injini ya petroli ndo inafanya kazi na umeme unaisaidia tu, kwahiyo kama muuzaji amekwambia utavuka Ubungo kwa betri pekee ujue anakupiga porojo.

Yangu ni ya 2020, imetokea Uingereza, manual gia sita. Injini ni ile ya Boosterjet 1.4 (cc 1,373), silinda nne, ina turbo na petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda. Kilowati 95, toki (nguvu ya kuvuta) Nm 235 na unaipata mapema kabisa kwenye rpm (mizunguko ya injini kwa dakika) 2,000. Pale ambapo ungetegemea kukuta alteneta kuna mota ya volti 48 iliyofungwa na fenibelti, ukiachia eksileta au ukikanyaga breki inageuka jenereta inachaji betri ndogo ya lithiamu iliyo chini ya viti vya mbele, ukikanyaga mafuta inarudisha ule umeme kusaidia injini. Mota yenyewe ni kilowati 10 hivi. Ndogo, lakini inajua ije saa ngapi.

Na hapo ndo utamu wote ulipo aisee. Anayejua gari za turbo anajua ule ugonjwa wao wa kuzubaa, unakanyaga afu unasubiri kidogo turbo ishike kasi ndo gari ishtuke. Kwenye hii sijawahi kuuona huo ugonjwa waziwazi. Kile kilima cha kutoka Makongo kwenda Goba, unapunguza kwa ajili ya bajaji iliyokatisha bila taarifa, uko gia ya tatu, rpm zimeshuka chini kabisa, kwa Toyota IST niliyokuwa nayo hapo lazima urudi gia ya pili na injini ipige kelele, hii unakanyaga tu taratibu inapanda, ni kama kuna mtu anakusukuma kwa nyuma mpaka turbo iamke ichukue kazi yake. Kwenye dashibodi kuna picha ya mishale inaonyesha umeme unaenda wapi, na pale kilimani unauona mshale unatoka kwenye betri kwenda kwenye injini sekunde chache tu halafu unapotea. Ukishaizoea hiyo hali, gari ya zamani unaiona nzito bure.

Sasa mafuta. Hapa nitawaudhi wengine. Mjini napata kama kilomita 12 hadi 13 kwa lita, AC muda wote, na nikienda Morogoro kwa mwendo wa kiungwana (matochi ya trafiki ya kupima spidi si mnayajua kuanzia Kibaha) inafika 16 na kidogo. Ni nzuri kwa gari ya saizi hii yenye nguvu hizi, ila sio maajabu, na mwenye Aqua atakucheka. Sababu ni foleni zetu wenyewe. Ili mfumo uvune umeme lazima gari iwe na kasi ya kupunguza, sasa pale Mwenge saa kumi na moja jioni unasogea hatua mbili unasimama, utavuna nini? Halafu kuna ile injini kujizima ukisimama, unaweka nyutro unaachia klachi inakata, ukikanyaga klachi inawaka laini kabisa bila ule mtikisiko wa stata. Safi sana asubuhi ya Julai. Mwezi wa pili joto la Dar likipamba moto kompresa ya AC inadai injini, inazima kidogo inawaka tena, inazima inawaka, mwisho mimi naibonyeza naitoa kabisa. Inafanya vizuri zaidi barabara ya Bagamoyo kuanzia Tegeta kwenda mbele, pale unakimbia, unapunguza kwa ajili ya tuta au zebra, unakimbia tena.

Upande wa mafundi ndo kichwa kinauma. Kuna gereji moja nilipeleka kwa sevisi, fundi akashika dumu la oili nzito ya 20W-50 anataka kumimina, eti huku kwetu kuna joto oili nyepesi itaisha. Nikamzuia. Turbo inazunguka kwa kasi ya ajabu na inategemea oili ifike haraka kwenye vinjia vyembamba, soma kitabu cha gari weka oili iliyoandikwa humo na ubadilishe mapema, basi. Fenibelti nayo sio ya kubahatisha, ile inavuta pande zote mbili, mota inasukuma injini na injini inazungusha mota, kwahiyo mkanda na tenshona yake (kifaa cha kuukaza) ni vya kwake. Pale Gerezani, Kariakoo, nimezunguka maduka ya spea kibao nikaambulia "lete sampo", nikaishia kuagiza nje. Kwa hiyo ukiinunua weka mkanda wa akiba ndani, usisubiri ukatike.

Umeme wake hauna haja ya kuuogopa sana, volti 48 iko chini ya ule mpaka wa volti 60 ambao ukivukwa tahadhari zinabadilika, sio sawa na zile haibridi kubwa zenye nyaya za rangi ya chungwa za volti mia mbili na zaidi. Maji ndo ya kuogopa. Betri iko chini ya kiti, na wote tunajua Jangwani mvua za masika zinavyokuwa, maji yakishaingia ndani ya gari yanaikuta hapohapo. Mimi mvua ikichachamaa sijaribu, bora nilale kwa shemeji Magomeni.

Kwa anayetaka kuagiza: cc zake ziko chini ya 2,000 kwahiyo kwenye ushuru haikuumizi kama zile injini kubwa, na chukua ya miaka ya karibuni usije ukakutana na kodi ya uchakavu. Ukiikagua hapa hapa mjini, inua kapeti karibu na viti vya mbele unuse na ushike kama kuna unyevu au tope lililokauka kwenye reli za kiti, afu omba rekodi ya oili. Muuzaji akianza kukwambia "oili zote ni sawa tu bosi", toka, nenda kaangalie nyingine.