MX-5 yangu baada ya kufungwa tairi na shokapu mpya: uzoefu wangu wa autokrosi

Kwa mwenye haraka: tairi zimelipa kila dola niliyotoa. Shokapu zinazorekebishika kimo ni nzuri, ila zikifungwa na fundi anayejua anachokifanya. Na yule mwalimu wa bure aliyekaa kiti cha pembeni amezishinda zote mbili. Mwenye muda aendelee kusoma.

Gari ni Mazda MX-5 ya mwaka 2001, ile ya kufunuka juu ambayo Wamarekani wanaiita Miata. Injini lita 1.8, gia za mkono, uzito kilo elfu moja na ushee, na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Nimekulia kwenye simulizi za Datsun 240Z iliyochukua Safari Rally mwaka 1971, kisha ikachukua tena 1973 ikiwa mikononi mwa Shekhar Mehta, kwa hiyo mapenzi ya gari ya kusukumwa nyuma kwangu ni ugonjwa wa kurithi.

Ila niko Texas, na autokrosi ya huku siyo ile ya vumbi waliyoizoea jamaa wa Nairobi. Hapa wanachukua eneo kubwa la maegesho, lami tupu, wanapanga koni za plastiki, na unakimbia peke yako ukishindana na saa. Kwa kawaida dakika haijatimia umeshamaliza, na karibu muda wote uko gia ya pili. Ukigonga koni ikatoka kwenye alama yake ya chaki, unaongezewa sekunde mbili. Ukiruka lango, yaani jozi ya koni unayotakiwa kupita katikati yake, raundi hiyo haihesabiki. Na usidhani ukimaliza zamu yako unakwenda kukaa kivulini: unavaa kizibao, unasimama juani, unaokota koni walizoangusha wenzako.

Nilichofunga ni tairi za 205/50 R15, shokapu zenye springi zake ambazo unaweza kuzipandisha na kuzishusha, stabilaiza nene ya mbele, ile fimbo ya chuma inayozuia gari kulala kwenye kona, halafu nikapima alaimenti, yaani pembe za magurudumu, upya. Injini sijaigusa hata plagi.

Nianze na tairi. Ubavuni zimeandikwa 200, kile kipimo cha uchakavu. Namba ikiwa ndogo, kwa kawaida mpira ni laini, unashika lami zaidi na unaisha mapema. Kwenye madaraja ya magari ya barabarani, SCCA, chama kinachosimamia mchezo huu Marekani, hawaruhusu chini ya 200, ndiyo maana karibu kila mtu uwanjani ana tairi za namba hiyo hiyo. Tofauti na zile za kawaida nilizozitoa siyo ya kutafuta kwa tochi. Kona niliyokuwa nikiingia huku gari inaserereka pua mbele, sasa inakata pale ninapoelekeza usukani.

Upepo wa tairi ndio wenye mambo. Kabla ya kukimbia unachora mstari wa chaki kuanzia ubavuni mwa tairi hadi kwenye uso unaokanyaga lami. Ukirudi unachuchumaa kuangalia chaki imefutika hadi wapi. Imefutika mpaka ubavuni? Tairi inalala mno, ongeza upepo. Imebaki hata pembeni mwa uso? Punguza. Mimi nimetulia kwenye psi 29 mbele na 28 nyuma, tairi zikiwa za moto. Na jua la Texas likipamba moto utaona watu wazima wanazimwagia tairi maji kati ya raundi na raundi kwa bomba za kupulizia dawa shambani. Nilicheka, kisha nikaenda kununua ya kwangu. Tairi laini ikizidi joto inakuwa kama imepakwa sabuni.

Ubaya wake: barabara kuu zinavuma, na mvua kubwa ikinyesha naendesha kwa adabu sana.

Shokapu sasa. Springi za mbele zina ugumu wa paundi 550 kwa inchi, za nyuma 350, kwa hiyo gari hailali tena kwenye kona kama zamani. Lakini gereji iliyozifunga iliishusha chini mno, nadhani kwa ajili ya picha. Ilipendeza kweli. Tatizo ni kwamba MX-5 za kizazi hiki hazina nafasi kubwa ya shokapu kusafiri. Ukiishusha kupita kiasi, shokapu inakuwa imekaribia kugota kwenye ile raba ya ndani hata kabla hujakata kona. Unaingia slalomu, ule mstari wa koni unaoupita kwa zigizagi, uzito unahamia upande mmoja, nyuma inagota, na kuanzia hapo springi ni kama haipo. Tairi inapoteza mshiko ghafla na mkia unatupwa bila hata salamu. Nililalamika, nikajibiwa kwamba gari za kusukumwa nyuma ndivyo zilivyo. Sivyo zilivyo. Nilipeleka kwa fundi mwingine, akaipandisha sentimita mbili na kupima alaimenti upya, na kuanzia siku ile mkia ukitaka kuondoka unabisha hodi kwanza.

Kuna jambo la kujua kabla hujatoa hela. Kwenye daraja la Street, lile la gari zilizobadilishwa kidogo tu, shokapu unaruhusiwa kubadilisha, ila springi lazima ziwe za kiwandani. Ukibadilisha springi unahamishiwa Street Touring au juu zaidi, na huko kuna watu wamekuwa wakinoa gari hizi hizi tangu mimi sijajua klachi ni nini. Kama shabaha yako ni kushinda mapema, acha springi zilipo.

Mwalimu. Klabu nyingi za huku zinampa mgeni mwalimu bila malipo. Nikapewa mzee mmoja mstaafu, mpole, helmeti yake imekwanguka kila upande. Raundi ya kwanza hakunifundisha kwa maneno, kwa sababu sentensi ikiisha kona imeshapita. Alinyoosha mkono mbele ya uso wangu akawa anaonyesha kwa kidole, wakati mwingine kupitia dirisha la upande wangu: huko ndiko unatakiwa kutazama. Mimi nilikuwa nakodolea koni ninayoipita, yeye anaonyesha ya tatu mbele yake. Tulipofika mwisho akasema, "Hii iliyo mbele ya bampa huwezi kuifanya chochote tena."

La pili alilonikazania ni mguu wa kulia. Ukiachia mafuta ghafla katikati ya kona, uzito unakimbilia mbele, nyuma inakuwa nyepesi, inazunguka. Unaachia taratibu, au unashikilia pale pale huku unanyoosha usukani. Muda wangu ulishuka kwa sekunde kadhaa siku hiyo hiyo, na hakuna aliyefungua hata nati moja.

Kwa hiyo mwenye MX-5, au gari yoyote ndogo ya kusukumwa nyuma, anayeuliza aanzie wapi: tairi, alaimenti, mwalimu, basi. Shokapu zisubiri msimu wa pili. Mimi kinachofuata ni kiti, maana hiki cha kiwandani kwenye kona za kulia bado kinanitupa mlangoni.